Wembe Juu ya Picha ya Babu

Nilimkuta Shangazi amepiga magoti sebuleni, picha ya Babu iko sakafuni mbele yake, na mkononi ameshika wembe.

Anakwangua.

Si kufuta vumbi, nyie. Anakwangua. Krrr... krrr... Unga mweusi unamwagika kwenye kanga aliyoitandika chini.

"Shangazi, unafanya nini?"

Hakuinua hata kichwa.

"Funga mlango, mwanangu. Nakaribia kumaliza."

Sauti yake tulivu kabisa, utadhani anamenya viazi.

Sasa ngoja niwaambie kitu ambacho mpaka leo kinaninyima raha. Sikufunga mlango. Sikuuliza swali la pili. Niligeuka nikatoka mbio mpaka nje, nikamwita Baba kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia.

"Baba, njoo! Shangazi anamuua Babu!"

Ndivyo nilivyosema. Anamuua Babu. Na Babu alikuwa amekufa miaka hamsini na tisa iliyopita.

Turudi nyuma kidogo msije mkanipotea.

Mimi nafanya kazi studio ya picha. Watu wanatuletea picha za zamani, zilizoliwa na mende, zilizomwagikiwa chai, zilizochanwa na wachumba wenye hasira kisha zikajutiwa, na mimi nazirudishia sura kwenye kompyuta. Bosi wangu ananiita Daktari wa Marehemu. Nilikataa jina hilo mwezi mzima, likashika.

Nyumbani tulikuwa watatu. Mimi, Baba, na Shangazi, dada mkubwa wa Baba. Mama alifariki nikiwa mdogo sana, kwa hiyo aliyenifundisha kufunga viatu, kusonya, na kumwangalia mtu muongo machoni ni Shangazi. Hakuolewa. Watu walikuja, akawakatalia wote, na ukimuuliza kwa nini anasema, "Sikutaka kuihama hii nyumba." Basi, maneno yameisha hapo.

Baba ni kinyozi. Kibanda chake kiko hatua kumi kutoka mlango wa nyumba yetu, na wembe wote wa nyumbani unatoka huko.

Na ukutani alikuwepo wa nne. Babu.

Picha ile ni ya wanaume wanne waliovaa makoti meusi, wamesimama nyuma ya ngoma kubwa. Babu ndiye wa mwisho pembeni, ameshika gita, anachekea upande. Anapiga kwa mkono wa kushoto. Ukoo mzima unamwita Mashoto. Ukija kwetu mgeni, kabla hujapewa maji ya kunywa unaonyeshwa ile picha na kuambiwa kwamba wapiga gita walikuwa wengi, ila mashoto alikuwa mmoja.

Baba naye ni mashoto. Ananyoa kwa kushoto, na wateja wanamwita Mashoto Mdogo. Mimi pia nimezaliwa mashoto, na siku nilipoanza kushika kijiko kwa kushoto Baba alilia kwa furaha. Nimeambiwa hivyo.

Shangazi peke yake ndiye aliyekuwa wa kulia.

Basi akawa kichekesho cha ukoo. "Wewe, Wa Kuokota, ulitokea wapi?" Kila mkutano wa familia lazima atokee mtu wa kumrushia hilo. Yeye anacheka na wenzake, anabeba sinia, anarudi jikoni.

Tena kulikuwa na hadithi nyingine chini ya huo utani, na hiyo ilisimuliwa kwa kunong'ona. Babu alifia safarini na bendi, mbali, akazikwa hukohuko. Gita lilirudi bila yeye, na bila nyuzi hata moja. Shangazi alikuwa na miaka saba, Baba miwili, mama yao alishatangulia. Wakalelewa na mdogo wa mama yao, tunamwita Bibi Mlezi, ambaye alichukia muziki na hakuwahi kumwona shemeji yake akipiga hata siku moja. Alichokuwa nacho ni ile picha.

Siku moja Shangazi, mtoto wa miaka saba, akaiangalia picha akasema, "Siyo hivyo. Baba alipiga kwa mkono wa kulia."

Bibi Mlezi akamzaba kofi.

"Picha haidanganyi," akamwambia. "Mtoto ndiye anayedanganya."

Ikawa imeisha. Wenzake Babu wa bendi walishatawanyika, kila mmoja na njia yake. Picha ikabaki kuwa shahidi, na Shangazi akabaki kuwa muongo.

Halafu kuna doa.

Kwenye ile ngoma ya mbele kulikuwa na doa jeusi, refu, kama mtu amepitisha brashi. Ukoo unasema doa lile lilijitokeza lenyewe siku ile Babu alipokata roho. Usilichezee, usiligusie. Nikiwa mdogo nilikuwa napita sebuleni nimelifumbia macho.

Na kuna gita lenyewe. Limening'inia pembeni ya picha. Baba alilitia nyuzi akiwa kijana, akazipanga za mashoto kama anavyoonekana baba yake. Amejaribu kulipiga maisha yake yote. Hajui, masikini, hana hata wimbo mmoja, na kila akigusa uzi linatoa mlio wa zii-zii kama nzi amenaswa chupani. Yeye anasema ule mlio ndio sauti ya baba yake inayolalamika kwamba hajapata mrithi.

Lakini likijipiga lenyewe, linalia safi.

Ndiyo, mmesoma vizuri. Likijipiga lenyewe.

Ni alasiri, daima alasiri, jua likiwa limeegemea dirisha la sebuleni. Uko chumbani unakunja nguo... unasikia. Wimbo mfupi, unapanda hatua chache, unasita, halafu unashuka kama mtu anayeteremka ngazi na mzigo. Ukikimbilia sebuleni hakuna mtu. Uzi wa chini unatetemeka. Mara ngapi nimesikia? Sijui. Toka utotoni. Mara ya mwisho ilikuwa wiki tatu kabla ya ile siku ya wembe.

Baba akiambiwa anasema, "Mwenyewe akishika, halilalamiki."

Shangazi ukimfuata wimbo ukiisha, unamkuta ameacha anachofanya. Amesimama jikoni, mikono ina povu, uso umegeukia ukutani, kama bado anausikiliza. Halafu anaendelea kuosha vyombo.

Mimi nilipokua nikaanza kuwa na mashaka yangu. Nikajiambia, huyu Shangazi ndiye anayepiga. Analipiga, anawahi jikoni, anajifanya hajui. Sikumwambia mtu. Nilimpenda, na isitoshe nani asingependa kuwa na mzimu wa nyumbani unaojua muziki?

Haya. Turudi kwenye wembe.

Baba aliingia na taulo la kunyolea begani. Akaona picha. Akaona wembe, wembe wake. Uso ukambadilika nisimtambue.

"Dada."

"Mdogo wangu, subiri nikuonyeshe kitu."

"Miaka yote hii. Kumbe ulikuwa na chuki kiasi hiki na marehemu."

"Njoo uangalie hapa kwenye ngoma."

"Siangalii! Ulisema uongo ukiwa mtoto, tukasema ni utoto. Leo unamkata kwa wembe?"

"Sijamgusa yeye. Nimegusa wino."

"Toka nyumbani kwangu."

Sikuamini masikio yangu. Shangazi naye hakuamini. Alibaki amepiga magoti, ananitazama mimi, si Baba. Mimi niliyemwita Baba.

"Jumamosi alasiri ukoo unakuja hapa," Baba akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, na hiyo ya chini ndiyo mbaya. "Nitawatamkia wote. Wewe si mtoto wa yule mzee. Ulichosema wewe mwenyewe kwa mdomo wako, kwamba baba yako alikuwa wa kulia, basi kamtafute huyo wa kulia. Hata ukifa usiletwe hapa."

Mtu wa miaka sitini na sita anaambiwa hata akifa asiletwe kwao. Na aliyeyaanzisha hayo yote kwa mdomo wake amesimama mlangoni anang'ata kucha.

Alifungasha kwa nusu saa. Kibegi kimoja. Zipu ilimshinda akaniomba nimfungie, kama alivyokuwa akiniomba kumfungulia vifuniko vya chupa na kumtungia uzi kwenye sindano. Nikaifunga bila kumtazama usoni.

Mlangoni akaniambia maneno machache.

"Ulisema mwenyewe, mwanangu. Maandishi kwanza."

Akaenda zake. Rafiki yake fundi cherehani alikuwa na chumba cha uani, akampokea.

Sikuelewa. Nikajisemea, uzee umeanza. Mungu anisamehe.

Kesho yake Baba alinikabidhi picha imefungwa kwenye gazeti. "Wewe ndiye daktari. Ipone kabla ya Jumamosi. Nataka ukoo uione ikiwa nzima."

Nikaenda nayo studio. Nikaiweka chini ya taa, nikavaa miwani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaiangalia ile picha kama kazi. Wahenga walisema mganga hajigangi. Nimesafisha picha za watu elfu na hii ya kwetu sijawahi kuikagua hata siku moja.

Kwanza nikatafuta jeraha usoni kwa Babu.

Hakuna.

Uso mzima. Mikono mizima. Wembe haukumgusa kabisa. Ulikuwa umepita kwenye doa la ngoma tu, na umepita kwa adabu, mkwaruzo mmoja mmoja, kama nilivyo... Kama nilivyomfundisha mimi.

Nikakumbuka. Wiki ile tulikuwa mezani, najisifu kuhusu kazi. Nilikuwa nimekamata picha ya harusi iliyochapwa kinyume. Zamani, wapendwa, picha ilitoka kwenye filamu, na filamu ina pande mbili. Fundi akiilaza upande usio wake, picha inatoka imegeuka, kulia kunakuwa kushoto. Sisi studio tunasema imevaa nje-ndani.

Shangazi akaniuliza, "Na mnajuaje?"

"Maandishi kwanza, Shangazi. Bango, ubao, chochote. Herufi zikiwa zimegeuka, picha imegeuka."

"Na kama maandishi yamepakwa wino?"

"Wino unakaa juu tu. Unalowanisha kidogo, unakwangua polepole kwa wembe mpya. Polepole sana."

Akanimiminia chai. Na mimi mjinga nikaendelea kutafuna mkate.

Nikachukua pamba yenye maji, nikamalizia alipoishia yeye. Doa likaanza kuachia. Chini yake kulikuwa na herufi nyeupe, jina la bendi limechorwa kwenye ngozi ya ngoma.

Herufi ya kwanza ilikuwa I. Hiyo haisemi kitu, I imelingana pande zote. Ya pili ilikuwa R, na ile R ilikuwa imegeuka, inaangalia nyuma, kama imeandikwa na mtoto anayejifunza. Halafu I nyingine. Halafu S ya kinyume.

Bosi alipita nyuma yangu na kikombe chake.

"Hiyo imevaa nje-ndani," akasema, akaendelea na safari yake.

Sekunde mbili tu alizitumia.

Nikaangalia makoti. Koti la mwanamume lina mfuko mdogo wa kifuani, na mfuko ule unakaa kushoto. Wanaume wanne, mifuko minne, yote iko kulia. Fundi aliyeichapa alikosea, akaona herufi zimemsuta, na badala ya kuchapa upya akapaka wino juu ya ngoma, akaikabidhi, akaendelea na maisha yake. Ukoo wangu ukakaa na wino wa mtu mvivu miaka sitini ukiuogopa kama mauti.

Babu hakuwa mashoto.

Mtoto wa miaka saba alisema kweli, akapigwa kofi, na kofi lile lilikuwa halijaisha mpaka ile wiki. Mkono wa mwisho uliompiga ulikuwa wangu.

Nililia pale kwenye meza ya kazi. Sikuona aibu.

Jumamosi asubuhi nikaenda na picha kibandani kwa Baba. Alikuwa na mteja mmoja kitini, nusu kichwa ameshanyolewa, nusu bado msitu.

"Imepona?" Baba akauliza bila kugeuka.

"Imepona. Iangalie."

"Iweke hapo, nina kazi."

Sikuiweka. Nikasimama nyuma ya kiti, nikainyanyua kifuani kwangu, nikaielekeza kwenye kile kioo chake kikubwa.

"Baba, soma kwenye kioo."

Akainua macho kwa kuudhika. Kwenye kioo ngoma ilikuwa safi, na juu yake imeandikwa wazi, kila herufi inatazama mbele: WANA ALASIRI.

Nyuma ya ngoma, makoti manne yana mifuko kushoto. Na pembeni kabisa alikuwepo Babu, anacheka, anapiga gita kwa mkono wa kulia.

Baba alisogea karibu na kioo, akasoma herufi moja moja.

"Umeichezea kwenye kompyuta," akasema hatimaye.

"Sijaigusa kompyuta. Ni kioo chako mwenyewe. Wewe kila siku unamwona mteja kwenye kioo, unajua sikio la kulia linakaa wapi."

Wembe ukamponyoka. Na kabla haujafika chini akaudaka mpini.

Kwa mkono wa kulia.

Mimi nikaona. Yeye akaona kwamba nimeona. Hata yule mteja aliona.

"Baba?"

Akakaa kwenye benchi la wateja. Akaanza kuukanda mkono wake wa kulia, taratibu, kama unaomuuma.

"Nilikuwa na miaka tisa," akasema. "Nilikuwa wa kulia kama watu. Nikawa nikitoka shule naufunga mkono huu kwa kitambaa, nyuma ya mgongo, nijifunze wa kushoto. Nilitaka niwe kama yeye. Bibi Mlezi alinisifu. Dada alikuwa ananifungua kitambaa, ananiambia, usijitese, Baba hakuwa hivyo. Nikamchukia kwa hilo."

"Miaka yote hiyo?"

"Ningefanyaje? Akiwa sahihi yeye, mimi nimejifunga bure."

Mteja akakohoa kidogo.

"Mzee, pole sana kwa yaliyokukuta. Ila huu upande wa pili wa kichwa..."

Baba akamnyoa. Kwa mkono wa kushoto, maana ndio uliokuwa unajua kazi.

Tulimkuta Shangazi chumbani kwa fundi cherehani, anapanga vifungo kwa rangi. Baba alisimama mlangoni akashindwa kuingia.

"Dada."

"Ingia, jua linakuchoma."

"Nimeona."

"Umeona nini?"

"Mkono wake."

Shangazi akaacha vifungo. Alitutazama kwa zamu, halafu akanitupia swali mimi.

"Herufi ngapi zilikuwa zimegeuka?"

"N, S, R na L. Nyingine zinalingana pande zote."

Akatikisa kichwa kuafiki, kama mwalimu.

Nikapiga magoti nikamshika miguu. "Nisamehe, Shangazi. Kwa nini hukuniambia kabla ya kushika wembe?"

"Kukwambia?" Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Mwanangu, nimewaambia watu miaka hamsini na tisa. Safari hii nilitaka kuonyesha."

Baba alilia. Mzee mzima, taulo begani, analia kwenye chumba cha vitambaa vya watu. Shangazi hakumbembeleza. Alimwacha alie mpaka aishiwe, kisha akamwambia, "Nimekusamehe, ila sitasahau. Nibebee begi."

Alasiri ukoo ukajaa sebuleni. Baba akasimama, akashika picha na kioo, akaeleza yote, mpaka na kile kitambaa cha utotoni. Hakujipendelea. Wale wa "Wa Kuokota" waliangalia viatu vyao. Kisha akalitungua gita, akazitoa nyuzi zote, akazipanga upya, za kulia.

Na hapo Shangazi akaonyesha kijifupa kilicho juu kabisa ya shingo ya gita, kile chenye mikato ya kushikia nyuzi.

"Ona. Mkato mpana ni wa uzi mnene. Wewe uliweka uzi mwembamba kwenye mkato mpana, unacheza mle ndani. Ndiyo maana lilikuwa linalia zii-zii."

"Nilidhani ni sauti yake, analalamika."

"Alikuwa na haki ya kulalamika."

Watu wakacheka, na kicheko kile kilihitajika. Baba akampa gita kwa mikono miwili.

"Ni lako, dada. Lilikuwa lako tangu mwanzo. Tupigie."

Shangazi akalipakata. Akakaa nalo vizuri. Akapeleka vidole vya kushoto kwenye shingo ya gita, akabana...

Havikukunjika.

Akajaribu tena. Niliona viungo vyake vilivyovimba, vigumu, na ndipo nikakumbuka zipu, vifuniko vya chupa, uzi wa sindano. Nilikuwa namfungulia tu, sikuwahi kuuliza.

"Mwaka wa kumi huu," akasema, kama anaomba radhi. "Baridi yabisi. Huu wa kulia bado una nafuu, huu wa kushoto umekufa."

Haki yake imefika, nayo imemkuta vidole havipo.

"Hata hivyo mimi najua nusu tu," akaendelea. "Alikuwa ananipakata hivi. Mkono wake wa kushoto unabana nyuzi, mimi nazikwanyua kwa wa kulia wangu. Wimbo mmoja, mikono ya watu wawili. Nusu ya kubana alikufa nayo."

Sijui ni nini kilichoniinua. Nikaketi kubanana naye, upande wake wa kushoto, nikauweka mkono wangu wa mashoto kwenye shingo ya gita.

"Kwanyua," nikamwambia.

Akakwanyua. Nikabana. Sauti ikatoka safi, hakuna nzi. Akakwanyua tena, nikahamisha kidole, nikahamisha kingine. Wimbo ukapanda hatua chache. Ukasita. Halafu nikateremka nao, kidole kwa kidole, mpaka chini.

Shangazi aliacha kukwanyua.

"Nani kakufundisha kuteremka hapo?"

"Si ndivyo unavyokwenda?"

"Ndivyo. Lakini mimi nisingeweza kukuelekeza, ile nusu siijui. Umeijua wapi?"

Nikatabasamu. Nikaona sasa naweza kuitoa siri yangu hadharani.

"Nimeusikia toka utotoni, Shangazi. Kila ulipokuwa unajificha kuupiga alasiri. Nilijua ni wewe."

Hakutabasamu.

"Kuupiga mimi?" akauliza. "Kwa vidole hivi? Kwenye nyuzi zilizokaa kinyume, zinazolia zii-zii?"

Nikaviangalia vile vidole.

Wiki tatu na siku kadhaa nyuma niliusikia. Ulikuwa safi.

"Mimi nilikuwa nausikia kama wewe," Shangazi akasema polepole. "Nikadhani ni mimi peke yangu ninayeusikia mpaka mwisho. Kwa nini unafikiri sikuolewa nikaondoka? Ningemwachia nani amsikilize?"

Baba alijishika kichwa. Jua lilikuwa limeegemea dirisha la sebuleni. Hakuna aliyelitazama gita, na hakuna aliyeondoka.

Imepita miezi mitano sasa. Nilitaka kuichapa ile picha upya, upande wake sahihi. Shangazi akakataa. "Iache ilivyo, ni ushahidi. Ninunulie kioo." Kwa hiyo kioo kimetundikwa ukuta wa pili, na mgeni akija kwetu tunamwambia, kaa hapa, usiangalie picha, angalia kule.

Kila alasiri tunakaa wawili, yeye anakwanyua mimi nabana. Baba ametuletea kiti chake cha kinyozi tukalie vizuri, na amemuuliza Shangazi mambo mengi ya baba yao aliyokuwa ameogopa kuuliza. Juzi Shangazi aliutazama mkono wangu akasema, "Huo umeutoa kwa mama yetu. Yeye ndiye aliyekuwa mashoto." Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Tangu siku ile gita halijajipiga tena. Kuna jioni namkumbuka huyo mpigaji, na naona aibu kumkumbuka, maana ni kama namtakia asipumzike.

Nawaachia hili, na wenye la kusema mnijibu hapo chini, lakini kwa adabu. Ndani ya nyumba zenu yupo mtu mmoja aliyesema jambo akiwa mdogo, mkamwita muongo kwa sababu ukutani kulikuwa na kitu kinachosema vingine. Kama bado yupo hai, mwendee leo. Muulize, "Uliona nini?" Kisha funga mlango, ukae naye mpaka amalize.